Binti Anapoitwa Bara: Safari Yetu ya Kwanza ya Nakuru



Kila mwaka, majina ya vijana walioitwa vyuo vikuu yanapotoka, hujiwa barazani na wazazi ambao habari hiyo imewatia furaha na majonzi kwa pamoja. Furaha ni kwa kuwa mtoto amefaulu. Majonzi ni kwa kuwa alikoitwa ni mbali, ni bara, na huko hawana jamaa. Mzazi huanza kwa kuniuliza hukumu ya binti kusafiri. Nikimpa nafasi ya kusema yote aliyo nayo moyoni, huonekana kwamba hukumu anaijua kiasi chake, na kwamba analolitafuta hasa ni jambo jingine: huko Nakuru, huko Eldoret, huko Kisumu, kukoje? Watu wake ni watu gani? Mwanangu atakula nini, ataswali wapi?

Mwaka jana swali hilo liliingia nyumbani kwangu. Binti yangu wa tatu aliitwa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, kiasi cha kilomita 25 kutoka mji wa Nakuru. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kusoma mbali kupita Mombasa. Mama yake alikataa papo hapo. Hakukataa elimu, la, alikataa Nakuru. Jina hilo kwake lilibaki pale lilipoachwa na taarifa za Januari 2008, siku zile za fujo baada ya uchaguzi, moto wa Nakuru na Naivasha ulipokuwa ukionekana katika runinga kila usiku. Nilimwambia kwamba miaka mingi imepita. Akanijibu kwamba miaka haipiti kwa mama.

Aliyelikata shauri ni mkwe wangu, mama yake mke wangu, ajuza aliyevuka miaka 70 ambaye safari yake ndefu kabisa ya bara iliishia Voi. Alisema, "Baba, msinigombanie mjukuu. Nipelekeni nikapaone. Nikipaona ndipo nitakaposema." Kwetu neno la bibi halipingwi. Basi safari ikawa na kazi mbili: kumpeleka binti kujiandikisha, na kumpeleka hakimu akaione kesi. Zilikuwa zimebaki siku chache tu, na asiyejitokeza kwa muda uliowekwa huiweka nafasi yake hatarini.

Kuhusu hukumu nitasema machache, kwa sababu najua wengi mtauliza. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameruhusu mwanamke kwenda hija ya faradhi pamoja na wanawake wenzake waaminifu. Katika safari zisizokuwa za faradhi maneno yao ni makali zaidi. Wako wanavyuoni wa zama hizi waliotazama usalama wa njia na haja ya elimu wakaona wepesi. Mimi nilichukua njia isiyokuwa na mzozo: nilimsindikiza mwenyewe, na nikaazimia kwamba kila kufunga na kufungua chuo atasafiri pamoja na maharimu yake, akiwa ni mimi au kaka yake. Gharama yake ni kubwa, siwafichi. Mzazi anayetaka binti asome bara na aichukue gharama hiyo katika hesabu tangu mwanzo, kama anavyohesabu karo.

Tulikuwa watu watano: mimi, mama watoto, bibi, binti, na mwanangu wa kiume wa miaka saba. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kiasi cha kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Nakuru kiasi cha 160 nyingine. Yako mabasi yanayokwenda usiku kucha bila ya kulala Nairobi. Kwa kijana ni rahisi. Kwa mtu wa miaka 70 na magoti yake, sikuona vyema. Tulichagua gari la moshi la asubuhi kutoka Miritini, tukalala usiku mmoja Nairobi.

Tiketi za gari hili la Madaraka, lililoanza kuchukua abiria 2017, hununuliwa kwa simu kwa kupiga *639# na kulipa kwa M-Pesa. Msingoje siku ya safari. Shule zikifungwa, zikifunguliwa, na zinapokaribia Idi na Krismasi, viti hujaa siku nyingi mbele. Kila mtu mzima na awe na kitambulisho chake mkononi, siyo chini ya sanduku, kwa maana huulizwa mlangoni. Tena fikeni mapema, saa nzima kabla au zaidi, kwa sababu ya upekuzi.

Katika upekuzi huo limo jambo ambalo akina mama wengi wamenilalamikia. Mizigo hupangwa chini kwa safu, abiria wakasimama kando, na mbwa wa polisi akapitishwa kuinusa. Mkwe wangu alipomwona alivuta buibui lake akataka kurudi nyumbani. Nikamweleza hivi. Kwanza, asili ya kila kitu ni tohara, na shaka haiondoi yakini. Mbwa akipita karibu na begi lako wala hukuona pua au mdomo wake ukiligusa, begi lako ni safi, usijitie wasiwasi. Pili, akiligusa na vyote viwili ni vikavu, najisi haihami. Tatu, ukiuona kwa macho yako unyevu wa pua au mate yake umeshika pahala, hapo ndipo pa kuoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga, na ni pahala pale tu palipoguswa, siyo begi zima na nguo zilizomo ndani. Dawa nyepesi ni kuufunika mzigo kwa kipande cha turubai, ukifika unauvua. Msahafu na nguo za kuswalia wekeni kwenye mkoba wa mkononi. Sisi tulifanya hivyo, na ajuza akaridhika, ingawa alimkazia mbwa macho mpaka alipoondolewa.

Kwa nini gari la asubuhi? Kwa sababu ya swala. Linaondoka kiasi cha saa mbili na kufika Syokimau, nje ya Nairobi, kiasi cha saa nane mchana. Ratiba hubadilika, kwa hivyo hakikisheni. Likifika kwa wakati, Adhuhuri bado ingali na nafasi, na msafiri akishuka huswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, kwa utulivu na kwa kuelekea kibla sawasawa. Gari la alasiri litakuingiza Nairobi usiku. Lile la usiku litakushusha alfajiri mbichi na watoto wamelala mabegani. Masafa ya kupunguza swala ni zaidi kidogo ya kilomita 80, kwa hivyo safari hii imeyapita kwa mbali. Lakini kumbukeni mambo mawili ambayo watu huyakosea: Magharibi haipunguzwi, hubaki tatu, na mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, huyo ameacha kuwa msafiri tangu anapofika, naye huswali kwa ukamilifu. Binti yetu aliyekwenda kukaa muhula mzima alikuwa akiswali nne siku ile ile aliyoingia Njoro, na sisi tuliokwenda kwa siku tatu tukiswali mbili. Bibi alichekeshwa sana na jambo hili.

Nairobi sitaizungumza sana. Ni mji unaohitaji makala yake, na wengi wenu mna jamaa huko. Kutoka Syokimau kuna gari dogo la moshi linalokuingiza mjini kwa nauli ndogo, nalo huwasubiri abiria wa Mombasa. Sisi kwa ajili ya bibi tulikodi teksi kwa programu ya simu, bei tukaijua kabla hatujapanda. Tulilala Eastleigh, ambako chakula cha halali hakina maswali na adhana husikika kila upande. Ukiwa na saa mbili za ziada, uone Msikiti wa Jamia katikati ya mji, na akina mama wana sehemu yao. Ukiwa njiani, simu na iwe ndani ya mkoba, siyo sikioni. Na mtu atakayekushika mkono wa mzigo kabla hujamwomba, mwambie "asante, baba" kwa sauti ya juu, uendelee na safari yako.

Magari ya Nakuru huondokea upande wa River Road na Nyamakima. Hapa nitoe nasiha moja. Utaingia gari ambalo limebakisha kiti kimoja tu, utalipa, utakaa, kisha utaona abiria wanashuka mmoja mmoja kama waliokumbuka jambo. Hao ni watu waliowekwa viti vionekane vimejaa. Tulikuwa tumeshaonywa na jamaa, kwa hivyo nilipoona ndani ya gari moja wanaume sita hawana hata mfuko mmoja wa mzigo, niliwapeleka watu wangu kwenye kampuni yenye ofisi, inayouza tiketi kwa zamu na kuandika nambari ya kiti. Tuliondoka mara. Fungeni mikanda. Tangu kanuni za mwaka 2004, ambazo watu bado wanaziita Sheria za Michuki kwa jina la waziri aliyezisimamia, kila kiti cha matatu kinatakiwa kiwe na mkanda, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Dereva akizidisha, semeni. Mkwe wangu alisema, kwa adabu, "Mwanangu, sisi hatuna haraka ya kufika kaburini," na kijana alipunguza.

Baada ya Limuru barabara hupita juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na hapo ndipo mtu wa pwani huanza kuelewa kwamba ametoka kwao. Ukungu huweza kuwa mzito hata asubuhi ya saa tatu. Kisha ukungu hupasuka, na chini yako kuna nchi nzima: tambarare, mlima Longonot umesimama peke yake, na mwanga wa jua unaotembea juu ya ardhi kama kivuli cha dau juu ya maji. Gari lote lilinyamaza. Bibi aliuliza kama ile ni bahari. Nikamwambia ni bonde. Akasema, "Subhanallah," kisha hakusema tena mpaka Naivasha.

Iko njia mbili za kushuka, ya juu inayopita Kinungi na ya chini ya Mai Mahiu, ambako Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita walijenga kanisa dogo kando ya barabara mwaka 1942. Katika njia ya juu liko soko liitwalo Soko Mjinga, ambapo viazi, kabeji na karoti huuzwa kwa bei ambazo akina mama wa Mombasa hawataziamini. Msinunue mnapokwenda, nunueni mnaporudi.

Tunapoiita nchi hii bara, kana kwamba ni ng'ambo, tunasahau historia yetu wenyewe. Karne ya 19 misafara ya Waswahili ilikuwa ikipita Naivasha na kufika mpaka Baringo kutafuta pembe za ndovu, kabla ya Mzungu kuweka reli. Reli ilipokuja ilileta mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi, wakiwemo Waislamu, na serikali ya kikoloni iliwaweka askari wa Kinubi katika vituo vyake, kikiwemo Eldama Ravine ambako wajukuu wao wako hadi leo. Nakuru yenyewe ilikua kutokana na reli, na tarehe 1 Desemba 2021 ikapewa hadhi ya jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Una Msikiti wa Jamia wake, na mtaa wa Bondeni ni mtaa wa zamani ambamo Waislamu wamekaa vizazi na vizazi. Basi mtoto wako hatakuwa Mwislamu wa kwanza kutia mguu huko.

Kuielekea kibla ni rahisi sana. Mji wa Nakuru umekaa kati ya ziwa, lililoko kusini, na mlima wa Menengai ulioko kaskazini. Mpe ziwa mgongo, uelekee Menengai, kisha uvute uso kidogo upande wa kulia, umekaribia mno. Mombasa kibla chetu ni kaskazini karibu sawasawa, na wengi hudhani ni hivyo hivyo Kenya nzima. Saa nazo ni mbali kidogo: Nakuru iko magharibi ya Mombasa, kwa hivyo jua lake hutua nyuma ya letu kwa kiasi cha dakika kumi hadi ishirini kulingana na majira. Kwa swala ni jambo dogo. Kwa mwenye kufunga ni kubwa! Mwanafunzi wa pwani akifuturu Njoro kwa adhana ya redio ya Mombasa amekula mchana, na saumu ile atailipa. Nimemwandikia binti yangu hilo kwa kalamu nyekundu.

Sasa baridi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Njoro ni zaidi ya mita 2,200. Mchana jua lipo, tena kali, na watu hutembea na mikono wazi. Likizama, nyuzi zinashuka kama zilizokatwa kamba, na mwezi wa Julai ndio mbaya kuliko yote. Wanawake wetu wamezoea buibui jepesi la hariri na ndani yake dera. Hilo halitoshi. Vaeni ndani fulana ya mikono mirefu na sweta, suruali nzito, na soksi za sufi. Buibui likae juu yake kama kawaida, na wala sitara haipungui. Kwa mwanafunzi, blanketi zito ni bora kuliko mashuka manne mazuri. Mafuta ya nazi yasisahaulike, kwa maana hewa ya huko ni kavu na ngozi hupasuka, midomo hasa. Januari na Februari kuna vumbi. Husemwa kwamba jina Nakuru lenyewe latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya pahala pa vumbi, na mwenye buibui jeusi atalithibitisha.

Udhu wa alfajiri ni mtihani. Maji ya bomba hukata vidole. Hapa ndipo utakapojua rehema ya ruhusa za sheria: khuffu, yaani soksi za ngozi zilizofunika kifundo cha mguu, zikivaliwa juu ya tohara kamili, msafiri hupangusa juu yake siku tatu na usiku wake, na mkazi siku moja na usiku wake. Tulikuwa tukilisoma somo hili madrasa, katika joto la Mombasa, kama hadithi ya nchi za watu. Nilimnunulia binti jozi moja, na mkwe wangu naye akataka yake.

Kuna jambo jingine la maji ambalo nataka wazazi walijue, kwa kuwa halisemwi. Maji ya visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa yana madini ya floridi kwa wingi, yatokayo katika mawe ya volkano. Mtawaona watu wazima wenye meno ya rangi ya kahawia. Siyo uchafu, wala siyo tumbaku. Huo ni utoto wao uliopita wakinywa maji hayo wakati meno yanaumbika. Mgeni wa siku tatu hana la kuogopa, na kijana wa miaka 19 meno yake yameshakomaa. Lakini familia inayohamia na watoto wachanga na iwe na hadhari. Kuchemsha hakuyaondoi madini hayo; maji yakipungua kwa mvuke ndiyo yanazidi kukolea. Maji ya mvua yaliyokingwa vyema ni bora. Iko pia mitambo ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, nayo inafanya kazi. Ila kwa mwenye kushika madhehebu yetu, mfupa wa mnyama asiyechinjwa ni najisi wala moto hauutoharishi, basi aulize kwanza mifupa ile imetoka wapi.

Chakula ni tele. Maziwa huko ni maziwa kweli. Nyama, ulizeni mwenye bucha nani aliyechinja. Katika machinjio mengi ya nchi yetu wachinjaji ni Waislamu, lakini kuuliza ni haki yako na hakuna aliyenikasirikia. Kinachohitaji hadhari zaidi ni mahali: hoteli nyingi za nyama choma zimeshikana ukuta na baa, na moshi mmoja unapita juu ya nyama za kila aina. Tuliuliza msikitini tukaelekezwa kwa mama mmoja anayeuza chapati, maharage na chai ya tangawizi, na siku zote tatu tulikula kwake.

Watu wa Nakuru Kiswahili chao kina haraka na kina Sheng' nyingi. Bibi aliitwa "mathe" na kijana wa bodaboda, akadhani ametukanwa. Nilimfahamisha kwamba ni mama. Wao nao hukipenda Kiswahili chetu. Ukisema "naomba unielekeze, mwanangu" utasindikizwa mpaka mlangoni. Hili ndilo lililogeuza mambo. Magharibi ya siku ya kwanza wanawake wetu waliingia sehemu ya akina mama, Bondeni, nami nikawangojea nje karibu saa nzima nikianza kuingia hofu. Walipotoka, mkwe wangu alikuwa ameshikwa mkono na mwanamke wa makamo, na binti yangu anaandika nambari za simu. Mama yule alikuwa amewaambia kwamba wasichana wa pwani wanaosoma Njoro huja kwake kula Idi, na kwamba mwezi wa Januari ule wa 2008, anaoukumbuka vizuri kuliko mke wangu, watu wa dini mbalimbali walifichana majumbani. Hakusema kwamba hapakuwa na ubaya. Alisema ubaya ulikuwapo, na kwamba wao bado wapo, wanaishi. Kisha akampa mke wangu ushauri ambao nauona ni wa maana: wakati wa uchaguzi, mchukueni mtoto mapema, mmrudishe vumbi likitua. Uchaguzi ujao ni 2027, na sisi tumeshaweka hivyo.

Siku ya pili tulikwenda Njoro. Chuo kile kilianza 1939 kama shule ya kilimo iliyoanzishwa na Lord Egerton, mlowezi wa Kiingereza ambaye husimuliwa kwamba hakutaka mwanamke asogelee jumba lake, lile kasri lililoko kati ya Nakuru na Njoro. Kikawa chuo kikuu 1987. Nilipoiona foleni ya kujiandikisha, nusu yake mabinti, kadhaa wao wamejitanda, nilimkumbuka mzee yule na jumba lake. Tulimtafuta kiongozi wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu kabla ya kulipa chochote. Mzazi na afanye hivyo kila chuo anachokwenda. Akatuonyesha wanaposwali na akatutajia saa za darsa. Mke wangu alikagua bweni, kufuli, dirisha, umbali wa choo, na taa ya njiani. Aliuliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria.

Ajuza alikaa juu ya sanduku chini ya mti, blanketi mabegani, akitazama. Nilipomwuliza hukumu yake alisema, "Baridi yao ni mbaya. Watu wao wana salamu. Mwacheni asome." Mke wangu alilia, lakini hakupinga.

Siku ya tatu ilikuwa ya matembezi, na ziwa halikutupa tulilotarajia. Hifadhi ya Ziwa Nakuru iko ubavuni mwa mji, na malipo ni kwa mtandao, siyo fedha taslimu. Heroe, wale ndege wa rangi ya waridi waliokuwa katika picha zote za skuli zetu, tuliwaona wachache, mbali. Maji ya ziwa yamepanda tangu kiasi cha 2010, yakala misitu ya kandokando na hata lango kuu la zamani, na ndege wengi wamehamia Bogoria, kwenye magadi zaidi. Mwanangu alifidiwa na vifaru na nyati. Jihadharini na nyani; hawaogopi wanawake wala watoto, na mfuko wa mkate wanaujua kwa sauti. Menengai tuliipandia kwa gari mpaka juu, mita 2,278, tukachungulia shimo lake kubwa lenye mvuke unaofuka chini. Upepo wa pale unavua kilemba. Watu husimulia mengi kuhusu mashetani wa Menengai; mimi nilisoma uradi wangu wa asubuhi na jioni kama nyumbani, wala sikuona cha kuongeza.

Imepita miezi sasa. Wiki ya kwanza binti alimpigia mama yake simu akilalamika kwamba wali wake hauivi, nje umerojeka na ndani una kiini. Huko juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kiasi cha 93 hivi, kwa hivyo mchele na hasa maharage hutaka muda mrefu. Mama yake alimwambia aroweke mchele nusu saa, aongeze maji kidogo, na afunike kwa kifuniko kizito. Safari ijayo tunampelekea sufuria ya presha, na bibi ameshaagiza kwamba nafasi yake garini isipewe mtu.